Kana

Kana ni kipande cha mwaloni, kirefu kama mkono wangu.
Endel aliichonga jikoni, majira ya theluji,
vinyweleo vya mbao vikidondokea kwenye supu.
"Usiiachie," aliniambia. "Mashua inajua.
Inajua kabla yako, kama farasi."

Sasa Endel yuko Turku, ng'ambo,
anapandisha kuta za nyumba za watu.
Majirani nimewaambia atarudi Krismasi.
Sikusema Krismasi ipi.

Leo nimetoka Roomassaare peke yangu
naelekea Abruka, kisiwa kinachoonekana
kama mstari wa penseli uliofutwa vibaya.
Nimechukua dawa za macho za Bi Leida,
mkate mweusi, yai moja la kuchemsha.
Upepo wa magharibi unanipiga ubavuni.
Ni Septemba, na baridi imeanza kutafuta vifungo.

Nataka sweta.
Naibana kana kwa goti, naingiza kichwa ndani ya sufu,
gizani, harufu ya kabati,
mkono mmoja umepotea njia,
na mashua (kweli inajua!)
inaugeukia upepo, tanga linanipigia makofi ya kejeli.
Nilipochomoza shingoni mwa sweta
omo lilikuwa limeelekea Sweden,
ambako simjui mtu.

Basi, mpira wa baiskeli.
Ni wa baiskeli yake, gurudumu la nyuma, una viraka vitatu,
na kiraka cha tatu nilikibandika mimi.
Nimeufunga ubavu hadi ubavu,
nikauzungusha kwenye kana mara mbili,
nikalegeza tanga kidogo,
kidogo tena,
nikasogeza makalio mbele shubiri moja.
Nikaachia.

Moja. Mbili.
Kiganja kinaelea juu ya kana
kama cha mama ambaye mwanawe anasimama dede.
Tano.
Kumi na moja: omo linayumba, linafikiri,
linataka kwenda kwa upepo kusema neno,
mpira unavutika, unakataa,
linarudi.
Ishirini.
Niliacha kuhesabu nilipogundua
kwamba nahesabu kwa sauti yake.

Mikono yangu iko mapajani.
Siizoei ikiwa hivi, mitupu, imelala chali
kama samaki wawili wa bapa sokoni.
Miaka kumi na tisa haikukosa cha kushika:
kamba, ndoo, simu,
simu hasa.
Mashua inakwenda kana kwamba nipo.
Inakwenda kana kwamba sipo.
Haibagui.

Na yale ya Krismasi, siyo kwamba nilidanganya.
Nilikana tu. Nilikana dukani, nikakana kanisani,
nikakana kwa mtu wa posta ambaye hata hakuuliza.
Mtu anaweza kukana miezi kumi na minne
bila kuchoka mkono,
akidhani ndivyo vitu vinavyonyoshwa njia.

Nikaligonga yai kwenye ukingo wa mashua.
Nikalimenya polepole, kwa vidole kumi vyote,
maganda yakachukuliwa na upepo upande wa mashariki,
ngozi ile nyembamba ikatoka yote kwa mkupuo mmoja,
jambo ambalo nyumbani halinitokei kamwe.
Nyuma yangu mkia wa maji umenyooka,
si sana. Una pindo moja,
pale kwenye sweta.

Bi Leida ataniuliza habari za Endel.
Huniuliza kila mara, macho yake yakiwa yamejaa dawa, hanioni.
Leo nitamjibu.

Chumvi nimeisahau mezani.
Nikainama, nikachovya yai baharini.
Bahari yetu si kali, mito mingi huizimua,
chumvi yake kama ya mpishi aliyekumbuka mwishoni.
Inatosha.
Mkono mmoja una yai.
Wa pili nimeuacha ukae tu.